Maswali Yenu Huwa Yanakwenda Wapi?

Msomaji, ukikaa kijiweni ukaulizwa unafanya kazi gani, yapo majibu ya kumaliza mazungumzo na yapo ya kuyaanzisha. Ukisema mwalimu, watu wanaitika, wanaendelea na kahawa yao. Ukisema dereva wa lori la Mtwara, utaulizwa habari za barabara. Mimi nikisema natathmini miradi, vikombe vinasimama hewani. "Unafanya nini?" Naeleza: mradi ukiletwa kijijini, mimi nakwenda kuangalia kama umesaidia, umemsaidia nani, na kwa nini. "Aa, kumbe mkaguzi." Hapana, mkaguzi anatafuta risiti. "Basi mpelelezi." Hapana, mpelelezi anatafuta mtu, mimi natafuta badiliko. Hapo hakosi mmoja wa kucheka na kusema, "Bwana we, sema tu kwamba huna kazi."

Siwalaumu washikaji. Hata mimi, mtoto wa Kibiti niliyekua nikiona watu wakija na madaftari, ilinichukua miaka kuelewa kwamba kuuliza ni taaluma, ina shule yake, ina vitabu vyake, na ina dhambi zake. Nataka niwaeleze ninyi mnaoandika, kwa sababu naamini kazi yangu na yenu zimezaliwa tumbo moja. Wote tunaingia nyumba za watu kwa maneno.

Tuanze na kwetu. Rufiji ni miongoni mwa sehemu za nchi hii zilizoulizwa maswali mengi. Miaka ya tisini Wizara ya Afya, ikishirikiana na shirika la utafiti la Kanada liitwalo IDRC, ilianzisha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP katika wilaya mbili: Morogoro Vijijini na Rufiji. Wakati huo Kibiti ilikuwa bado ndani ya Rufiji. Wazo lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulifanya: fedha za afya zifuate maradhi, zisifuate mazoea. Mwaka 1996 huko Morogoro malaria ilikuwa inapoteza kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai wa watu, lakini kwenye bajeti ya afya ya wilaya iliwekewa asilimia 5 tu. Kuna maradhi mengine yaliyobeba mzigo mdogo na kula fungu kubwa. Si kwamba waganga walikuwa wabaya. Hakuna aliyekuwa na hesabu.

Na hesabu ungeipata wapi? Watu wengi walifia nyumbani. Wamezikwa, dua imesomwa, hakuna karatasi. Hospitali inamjua aliyefika hospitali. Basi ikabidi watu waulizwe mlango kwa mlango. Mwaka 1998 ikaanza sensa ya eneo zima la kaskazini mwa mto: kata za Bungu, Mchukwi, Kibiti, Mgomba, Umwe na Ikwiriri, vijiji 31, watu zaidi ya 80,000. Baada ya hapo wadadisi wakawa wanarudi kila baada ya miezi minne. Nani kazaliwa? Nani kahama? Nani kahamia? Nani kafariki? Na aliyefariki, je, aliugua vipi, siku ngapi, alikohoa, alivimba, alipata homa? Kutokana na majibu hayo madaktari walikadiria kilichomuua.

Nimekulia ndani ya maswali hayo. Nilizaliwa mwaka 1995, kwa hiyo sikumbuki wakati ambao hawakuwepo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiwapokea kwa adabu zote, mkeka unatandikwa, maji ya kunywa yanaletwa. Kama ni msimu wa kilimo hawakumkuta, maana alikuwa bondeni kwenye mpunga, analala kwenye dungu kufukuza nguruwe na ndege. Walirudi mpaka wampate. Bibi alijibu kila kitu. Lakini jioni, akichambua mchele, alikuwa na swali lake moja ambalo hakuna mdadisi aliyewahi kuliandika: "Hivi maswali yenu huwa yanakwenda wapi?"

Mwelewe Bibi, msomaji. Yeye ni wa kizazi kilichohamishwa bondeni mwaka 1969, kwenye operesheni ya kuwapandisha watu vijiji vya juu. Kwa hiyo anajua orodha ya majina inaweza kukuhamisha nyumba. Kisha akaishi na orodha nyingine iliyokuja miaka na miaka na haikumhamisha, haikumpa kitu, haikumwambia kitu. Mtu wa namna hiyo haulizi kwa ujinga.

Sasa hapa ndipo mafunzo yangu yanapoingia, kwa sababu swali la Bibi lina jibu, na jibu lenyewe ni tamu na chungu.

Tamu ni hili. Mwaka 1999 Rufiji ilikuwa inapoteza watoto 100 kabla hawajatimiza mwaka, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Mwaka 2000 idadi ikawa 72. Na kwa miaka mitano iliyoishia 2003, vifo vya watoto wadogo katika wilaya za mradi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Ukisoma hivyo unataka kupiga vigelegele.

Mwalimu wa tathmini anakuzuia mkono. Anakuuliza: umejuaje kwamba ni mradi? Mvua huenda zilikuwa njema. Huenda vyandarua viliingia madukani. Huenda hali ilikuwa inabadilika nchi nzima. Mkulima wa bondeni analijua jambo hili bila shule. Ukitia mbolea mwaka ambao mto umeleta rutuba ya kutosha, usijisifu mbolea. Angalia shamba la jirani ambaye hakutia.

Shamba la jirani, hilo ndilo kundi linganishi. Na kwetu lilitafutwa. Kulikuwa na mafunzo ya waganga na wauguzi wa zahanati ya kumtazama mtoto mgonjwa mzima-mzima, siyo ugonjwa mmoja mmoja. Mtoto akija na homa, aangaliwe pia kifua, tumbo, masikio, uzito na chanjo. Mafunzo kamili ni ya siku 11. Rufiji na Morogoro Vijijini yalifanyika mapema. Kilombero na Ulanga yalikuwa hayajafika. Watafiti wakalinganisha wilaya mbili kwa mbili, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet la Uingereza. Mwanzoni vifo vilikuwa karibu sawasawa pande zote. Katika miaka miwili iliyofuata, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 upande wa waliopata mafunzo. Na mambo ya pembeni, kama matumizi ya vyandarua, yalikuwa yakiwapendelea jirani, Kilombero na Ulanga, siyo sisi.

Kumi na tatu! Lakini soma mstari unaofuata. Ukizingatia kwamba wilaya zenyewe ni nne tu, tofauti ya kweli ingeweza kuwa popote kuanzia vifo kupungua kwa asilimia 30 mpaka vifo kuongezeka kwa asilimia 7. Wangeweza kuuficha mstari huo kwenye kona. Wameuweka pale pale kwenye muhtasari, kila msomaji auone. Niliposoma mara ya kwanza niliona kama wameharibu hadithi yao wenyewe. Siku hizi naona huo ndio ungwana wa kazi hii: kusema unachokijua, na papo hapo kusema unakijua kwa kiasi gani. Ni waandishi wangapi miongoni mwetu wana moyo huo?

Baadaye yakaja majaribio mengine, ya kupiga kura. Kuanzia mwaka 2010 na 2011 Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani waliwafundisha vijana wa vijijini kwa miezi tisa na kuwalipa mshahara, wakaitwa WAJA, yaani Wawezeshaji wa Afya ya Jamii. Vijiji vilikuwa 101 katika wilaya za Rufiji, Kilombero na Ulanga. Vijiji 50 vilipangiwa WAJA, 51 vikabaki kwa kulinganisha. Kisayansi ni safi: bahati nasibu haina shemeji wala diwani. Darasani kwetu jambo hili lilizua ubishi wa nusu siku. Mwenzetu mmoja alisimama akauliza: wewe ungekuwa mama katika kile cha 51, ungeielewa sayansi? Mwingine akajibu: na kama fedha hazitoshi vijiji vyote, ni heri ichague kura au ichague simu ya mkubwa? Sote wawili wana haki. Mpaka leo nikipita barabara ya Kibiti huwa nawaza vijiji vile viwili viwili.

Hiyo ni hesabu. Nusu ya pili ya kazi yangu ni saikolojia, nayo ndiyo iliyonikamata moyo.

Chukua swali hili, limeandikwa vizuri kwenye dodoso: "Katika wiki mbili zilizopita, je, mtoto wako aliugua malaria?" Mama anasema hapana. Mdadisi anaweka alama, anakwenda zake. Kumbe juzi mtoto huyo alishikwa na homa kali akakakamaa, macho yakapinduka. Hilo kwa mama si malaria, ni degedege. Na degedege kwa watu wengi wa pwani lilikuwa na asili yake, shetani mwenye umbo la ndege, na tiba yake kwa mganga. Wapo walioamini kabisa kwamba sindano itammaliza mtoto. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya tisini waliliandika jambo hilo vizuri. Je, mama kadanganya? La hasha. Kajibu swali aliloulizwa. Aliyekosea ni sentensi.

Ndiyo maana nasema tumbo moja. Ninyi mkikosea neno, hadithi inachechemea. Sisi tukikosea neno, dawa inapelekwa kijiji kisicho chake.

Au chukua kumbukumbu. Ukimuuliza mzee wa Mchukwi tarehe, utapata tarehe ya kukuridhisha. Muulize kwa matukio: ilikuwa kabla ya mafuriko ya El Nino au baada? Daraja la Mkapa lilikuwa limefunguliwa au bado mnavuka kwa pantoni pale Ndundu? Hapo miaka inajipanga yenyewe, maana daraja ni 2003 na hakuna mtu wa kusini anayelisahau.

Au chukua ustaarabu wetu. Kwetu mgeni haambiwi kwamba zawadi yake haifai. Umevaa fulana ya mradi, umekaa kwenye mkeka wa mtu, umepewa dafu, halafu unauliza, "Je, mradi umewasaidia?" Unategemea nini? Utaambiwa umesaidia sana, tunashukuru, waje tena. Kitabu kinaita hiyo kasoro ya mtoa taarifa. Mimi naiita adabu, na adabu haiondolewi kwa kukemea. Inapitiwa pembeni. Usiulize kama zahanati ni nzuri. Uliza: "Mara ya mwisho ulipokwenda zahanati, ulirudi na nini mkononi?" Mtu atakuonyesha karatasi ya kununulia dawa dukani, na hapo umeshajua.

Vitabu vingi tunavyosoma vimeandikwa mbali, na vinataka uhoji mtu mmoja, faragha, mlango umefungwa. Nenda delta ukajaribu. Kwanza ufike: kutoka Nyamisati ni boti, na boti haikusubiri wewe, inasubiri maji yajae. Ukipita kwenye mikoko ile, hekta zaidi ya 50,000, mkandaa na mchu na msinzi, unaelewa kwa nini sensa ya vijiji 31 iliishia barabarani. Kumfuata mtu wa Salale au Kiongoroni kila miezi minne ni gharama ya mafuta na siku. Kwa hiyo hata katika wilaya iliyohesabiwa vile, wapo waliobaki nje ya hesabu, nao ni wale wale walio mbali na hospitali. Msomaji, likariri hilo: asiyefikika kwa dawa huwa hafikiki kwa dodoso pia, na asipofikika kwa dodoso, kwenye ripoti anaonekana hana shida.

Kisha ukishafika, hakuna faragha. Anakuja jirani, wanakuja watoto, anakuja mzee aliyekuwa anashona wavu. Unamuuliza mama amejifungua lini mtoto wa tatu, jirani anadakia, "Si mwaka ule mashua ya fulani ilizama?" Kitabu kitasema mahojiano yameharibika. Na kwa swali la ugomvi wa ndani ya ndoa, kweli yameharibika, tafuta siku nyingine. Lakini kwa swali la mwaka, jirani ndiye daftari. Kujua lipi liulizwe mbele za watu na lipi lisiulizwe, hiyo ndiyo taaluma, nayo huipati Chicago wala London. Unaipata Mbwera, ukiwa umelowa mpaka magotini.

Lipo swali jingine la saikolojia ambalo sikulisoma kwanza kitabuni. Ni hofu. Mnakumbuka Kibiti ya 2017. Watu zaidi ya thelathini waliuawa katika kipindi kile huku kwetu na wilaya za jirani, wengi wao askari na viongozi wa vijiji na vitongoji. Aprili mwaka huo askari wanane walishambuliwa na kuuawa kwa mara moja. Ikawekwa kanda maalumu ya kipolisi. Watu waliacha kutoka usiku, wengine walihama nyumba.

Mwaka mmoja na kitu baadaye, nikiwa bado mwanafunzi, nilipata kibarua cha likizo cha udadisi. Dodoso lilianza kama yanavyoanza madodoso yote duniani: taja majina ya watu wote wanaolala katika kaya hii. Mwenyekiti mmoja wa kitongoji, mtu mzima sawa na baba yangu, alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, unajua mwaka jana mtu akiuliza nani analala humu, sisi tulisikia nini?"

Sikuwa na jibu, na sikutakiwa kuwa nalo. Tulikaa. Nikamwonyesha karatasi yote, swali moja moja, hata yale niliyotakiwa kuyasoma kwa mdomo tu. Nikamwambia anayo haki ya kukataa, na wote wa kitongoji chake wanayo, na akikataa hakuna litakalompata. Alifikiri, akaenda kuwauliza watu wake. Kesho yake wengine walikubali, wengine wakakataa. Waliokataa niliwaandika "wamekataa", nikawasalimia, nikapita. Fomu ya ridhaa huwa tunaiona kama kijikaratasi cha kutia dole gumba ili kazi iendelee. Siku ile niliona kwamba ridhaa ni mlango, na mlango usiofungika si mlango.

Nilimaliza shahada, nikaajiriwa kwa mkataba. Hapa nifupishe, maana wengi wenu mnayajua maisha ya mkataba. Mwaka 2022 nilipelekwa kutathmini mradi mmoja wa kuwafundisha vijana ufundi, cherehani na matengenezo ya pikipiki. Sitautaja jina. Kwenye karatasi ulikuwa umevuka lengo: waliotakiwa kufuzu wamefuzu, vyeti vimetolewa, picha zimepigwa. Mimi sikuuliza kama mradi umesaidia. Niliuliza: "Jana, tangu ulipoamka, umefanya nini?" Cherehani nyingi zilikuwa chini ya vitanda. Uzi hakuna, mteja hakuna. Na wale wasichana wa vijiji vya delta waliokusudiwa tangu mwanzo walikuwa wameacha wiki za awali, kwa sababu nauli ya boti na gari ilizidi posho. Nafasi zao walijazwa vijana wa mjini, ili idadi itimie.

Nikaandika hivyo. Nikaandika na lililokwenda vizuri, maana lilikuwepo: mafundi pikipiki walikuwa wanakula jasho lao. Mkubwa wangu aliniita. Kile kifungu cha wasichana wa delta, akasema, kiweke kwenye "changamoto", maneno mawili matatu. Nilikataa kukitoa. Ripoti ikaenda bila kifungu na bila jina langu, na mkataba ulipoisha haukuongezwa.

Baadaye darasani nilikutana na Donald Campbell, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefariki mwaka 1996, mmoja wa waasisi wa taaluma hii. Tangu miaka ya sabini alishaonya kwamba takwimu yoyote ikifanywa kipimo cha kuwatunzia au kuwaadhibia watu, watu wataanza kuipotosha, na yenyewe itapotosha kazi iliyokusudiwa kupima. Nilicheka peke yangu maktabani. Mzee huyu hakuwahi kupanda boti ya Nyamisati, lakini kifungu changu alikuwa amekisoma.

Naam, darasani. Niliporudi nyumbani bila kazi, mama hakuniuliza mengi. Ilipofika msimu aliuza korosho zake, akanikabidhi fedha za ada ya mwaka wa kwanza, akasema, "Kasome hicho ulichofukuziwa." Kwa hiyo shahada yangu ya pili ina deni la mikorosho, na deni hilo halilipwi kwa cheti.

Kwa wanaotaka njia hii: ipo, na hailazimu kupanda ndege. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha saikolojia jamii tumizi katika ngazi ya uzamili. Mzumbe imekuwa na ufuatiliaji na tathmini ya afya. Chuo Kikuu Huria kina ufuatiliaji na tathmini kwa wanaosoma huku wanafanya kazi. Wapenda hesabu wana Chuo cha Takwimu pale Changanyikeni. Wenzetu wa bara hili wana chama chao cha tathmini tangu mwaka 1999, kilichoanzia Nairobi. Utasoma sampuli, utasoma uwezekano, utasoma jinsi kumbukumbu inavyodanganya na jinsi kundi linavyomvuta mtu mmoja. Utasoma tofauti aliyoiweka Michael Scriven mwaka 1967 kati ya tathmini ya kurekebisha na tathmini ya kuhukumu. Fundi mashua anayo zote mbili. Akiwa bado anakalafati, hugonga mbao na kusikiliza panapovuja, hiyo ni kurekebisha. Siku ya kushusha chombo majini, watu wote ufukweni wakitazama, hiyo ni hukumu. Miradi mingi kwetu hupimwa siku ya kushushwa tu, tena kwa kuhesabu waliokuja kutazama.

Sasa nirudi kwenye lile deni la Bibi, la maswali kwenda wapi. Likizo moja nilikwenda nyumbani na namba zile za 1999 na 2000. Nilijua grafu haitasaidia. Nikamwomba mama korosho mbichi, nikazihesabu mia moja juu ya mkeka. Nikasema: hawa ndio watoto wa Rufiji ambao hawakufika mwaka mmoja, katika kila elfu waliozaliwa 1999. Kisha nikaziondoa ishirini na nane, nikaziweka kando. Nikasema: mwaka uliofuata, hawa walibaki.

Bibi aliziangalia zile mia muda mrefu. Mwaka 1999 nyumba yetu ilizika mdogo wangu, akiwa na miezi saba. Mdadisi alikuja, aliuliza, aliandika. Hatukuwahi kulizungumza.

"Basi mdogo wako yumo humu," akasema Bibi.

"Yumo, Bibi."

Mama ndiye aliyeuliza, akiwa mlangoni, hata hakukaa. "Walimwandika jina?"

"Waliandika. Ila kwenye vitabu vinavyochapishwa hubaki namba."

"Sawa," akasema. "Jina libaki kwetu. Hiyo namba ifanye kazi."

Nimesoma tafsiri nyingi za madhumuni ya taaluma yangu, sijaona iliyo bora kuliko hiyo. Namba ifanye kazi. Isikae kabatini, isipambe hotuba, isipunguzwe ili kumfurahisha mtu. Na kabla ya yote irudi kwa aliyeitoa, kwa lugha yake, kwenye mkeka wake, hata kama imechelewa miaka ishirini na zaidi.

Tasnifu yangu inahusu hilo: kurudisha matokeo. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba na nyumba za watu Rufiji na Kibiti, wageni wenye madaftari wameongezeka tena, na wengi wana nia njema. Mimi nataka kujua jambo dogo: kaya iliyosomewa matokeo ya maswali yaliyopita, je, hujibu maswali yajayo tofauti na kaya ambayo haikuwahi kuambiwa kitu? Nitapiga kura, vitongoji kwa vitongoji, na vile vya delta vitakuwemo, boti nimeshaziwekea bajeti. Mwisho wa utafiti hata vile vilivyongoja vitasomewa. Sijui nitapata nini. Huenda nisipate tofauti yoyote, nami nitaandika hivyo hivyo.

Ninyi mnaoandika hadithi na mashairi, msifikiri takwimu ni kazi ya watu wengine. Tunawahitaji. Madodoso yetu yanaandikwa na watu wasiosikiliza lugha inavyosemwa, na ripoti zetu zinasomwa na waliozilipia tu. Anayejua kusikiliza namna mama wa Bungu anavyoutaja ugonjwa wa mwanawe ana kazi inayomsubiri huku. Malipo ni ya kusuasua, boti zinachelewa, na mara moja moja utaambiwa uondoe kifungu. Kalamu mnayo. Njooni tuulize vizuri, na tukishauliza, turudi.